Komparateri ya Zamani: Mazungumzo na Wakereza Vyuma wa Lubumbashi

Jambo yenu wote. Papa mwenye atelye, asante kwa kutufungulia mlango siku ya mapumziko.

Hii niliyoshika ni komparateri, chombo cha mshale kinachotuonyesha kama shafti iliyofungwa kwenye mashine inazunguka sawa au inayumba. Niliipata kwa wauza vyuma chakavu, hapa hapa mjini. Muuzaji aliniambia, "Papa, hiyo imekufa." Kweli, mshale ulikuwa umeganda. Lakini nyingi mnazozitupa hazijafa. Zimetiwa mafuta tu.

Kwanza tuitambue. Mwaka 1883 John Logan wa Waltham, Marekani, alipata hataza ya chombo cha namna hii. Waltham ulikuwa mji wa watengeneza saa, na ukifungua mgongo wa komparateri utauona ukoo huo: gia ndogondogo, springi nyembamba kama unywele, mara nyingine vijiwe vya yakuti. Ukisoma "Athol, Mass." usoni, mtengenezaji ni Starrett wa Marekani, St Albans ni Mercer wa Uingereza, Esslingen ni Mahr wa Ujerumani. Majina mazuri hayo, ila usilipie jina kabla ya kujua kipimo. Sisi huku ni watu wa milimita, lakini reli iliyofika hapa 1910 ilitokea kusini, kwa Waingereza, watu wa inchi, kwa hiyo utakutana na vyombo vya aina zote mbili. Maandishi yakiwa yamefutika, pitisha chini ya ncha, ile inayogusa kazi, kipande chenye unene wa milimita 1 kamili. Mshale wa komparateri ya milimita, yenye mistari 100 ya milimita 0.01, utazunguka mara moja kamili. Ule wa inchi, wenye mistari ya inchi 0.001, utaishia mstari wa 39 na kidogo. Pima na unene wa shingo, pale inapobanwa: ya milimita kwa kawaida ni milimita 8, ya Marekani ni 9.5 na kidogo.

Sasa mafuta. Wadogo zangu, hapa nawaomba sana. Fimbo inayopanda na kushuka imebanwa ndani ya tundu lake, hakuna nafasi ya kupitisha hata unywele. Ukitia tone la mafuta, siku hiyo inateleza vizuri. Kisha kinakuja kiangazi, lile vumbi letu jekundu la Agosti linaingia, linakandana na mafuta, na mwisho unapata gundi. Springi ya kuirudisha fimbo imefanywa laini ili ncha isiikandamize kazi; gundi haiiwezi. Mshale unabaki pale ulipo, nawe unaamini shafti imenyooka. Mimi niliamini. Nilimkabidhi mtu shafti ya pampu, mshale haukutikisika hata mstari mmoja. Wiki ya pili akairudisha, beringi imeungua. Shafti ilikuwa imepinda. Nililipa beringi, lakini siku alizopoteza yule mtu bila maji sikuweza kumlipa.

Kuisafisha kunataka mkono mtulivu. Tandika karatasi nyeupe, fungua mgongo kwa bisibisi ya fundi saa, panga vipande kwa namna ulivyovitoa. Kabla ya kuchomoa fimbo, zuia gia kwa kidole: ile springi ya unywele imevutwa, na ukiiachia ghafla inajiviringa ikaharibika. Iachie polepole ukihesabu mizunguko, maana utairudishia mizunguko hiyo hiyo. Osha fimbo kwa alkoli ya farmasi, pitisha kijiti chenye kitambaa ndani ya tundu mpaka kitoke cheupe. Msasa usiguse hapo, utapanua tundu, na tundu lililopanuka halina dawa. Irudishe fimbo kavu kabisa.

Kioo cha plastiki kilichofifia kisugue kwa dawa ya meno.

Halafu ifunge imara, inua ncha uiachie, mara kumi, juu ya kipande kile kile. Mshale urudi kwenye mstari ule ule kila mara. Ukirudi pengine mara moja tu, fungua tena.

Haya, nani amekuja na ya kwake? Wewe kijana wa Katuba, ilete hapa mezani.