Kaimu Hajibu kwa Niaba ya Mwenye Kiti: Mhadhara Kuhusu Moki na Stabu katika Majaribio ya Programu

Wenzangu, hamjambo. Tuchukue kitendakazi kimoja, yaani kipande cha programu chenye kazi moja, ambacho kazi yake ni kuhuisha uanachama. Kinaiuliza saa ya kompyuta leo ni tarehe ngapi, kinasoma rekodi ya mwanachama kwenye hifadhidata, kinasogeza tarehe ya mwisho mbele kwa mwaka mmoja, kisha kinamtumia mhusika barua pepe. Ni mistari kumi hivi ya msimbo. Sasa niambieni: aliyelipia tarehe 29 Februari 2024, uanachama wake unaisha lini? Mwaka 2025 hauna tarehe hiyo. Kwenye lugha ya programu ya Python, ukiishika tarehe hiyo na kubadilisha mwaka peke yake, programu inaanguka papo hapo.

Hatuwezi kusubiri hadi 2028 ndipo tulijaribu jambo hili. Tunataka kulijaribu leo, mara mia ikibidi, bila kuwasha hifadhidata na bila mtu yeyote kupokea barua pepe asiyoitarajia. Hapo ndipo tunapohitaji kaimu: kitu bandia kinachoshika nafasi ya saa, ya hifadhidata au ya mtuma barua wakati wa jaribio.

Neno hili nimelichagua makusudi. Gerard Meszaros, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu majaribio ya programu, aliviita vitu hivi kwa jina la kwenye filamu, la yule anayeruka kutoka ghorofani badala ya mwigizaji. Kwangu mimi kaimu linafaa zaidi. Kaimu anakalia kiti, anapokea wageni, anatia sahihi. Lakini mwenye kiti yupo, na siku programu inapoanza kutumika atakayekutana na wageni ni yeye.

Meszaros alitaja makaimu wa aina tano. Wawili nitawapita haraka. Dami anajaza nafasi tu, kwa sababu kitendakazi kinadai kupewa kitu. Jasusi anaandika kimya kimya ameitwa mara ngapi na kwa maneno gani, nasi tunamhoji baadaye. Watatu waliobaki ndio wanaotushughulisha kila siku.

Stabu ni kaimu wa kujibu. Umemwagiza mapema: ukiulizwa tarehe, sema 29 Februari 2024. Basi, hana zaidi. Jaribio linatazama matokeo ya kazi. Moki amepewa matarajio: ataitwa mara moja, kwa anwani hii, na asipoitwa hivyo jaribio linafeli. Feki anafanya kazi kweli, ila kwa njia ya mkato. Mfano wake ni hifadhidata inayoweka rekodi kwenye kumbukumbu ya kompyuta badala ya diski. Inahifadhi, inatafuta, inafuta, na ukizima programu vyote vimepotea.

Wengi wetu tunawaita wote moki. Martin Fowler, mwandishi wa mambo ya uundaji wa programu, aliandika makala mwaka 2004 kuyapinga mazoea hayo, na nakubaliana naye kabisa, maana tofauti hapa haiishii kwenye majina. Ukitumia stabu unauliza kazi imetoa nini. Ukitumia moki unauliza kazi imefanywaje na nani ameitwa. Swali hili la pili likiulizwa pasipo mahali pake, linaufunga msimbo mikono.

Barua pepe ni mahali pake. Kuituma hakuachi alama yoyote ndani ya programu yetu. Ule mwito wa kutuma ndio matokeo yenyewe, kwa hiyo mwekeeni moki. Lakini nimesoma majaribio yaliyoweka moki kwenye hifadhidata, kwenye kikokotoo cha tarehe, hata kwenye darasa (kipande kidogo cha msimbo) la kuunganisha majina mawili, kisha yakadai huyu aitwe kwanza na yule wa pili. Soma jaribio kama hilo polepole, utaona ni msimbo uleule ulioandikwa mara ya pili. Panga upya mambo ya ndani bila kugusa matokeo, linafeli. Kosea hesabu ya tarehe, linapita, kwa kuwa hesabu yenyewe imekaimiwa. Jaribio la namna hiyo linatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Walioanzisha moki hawakutaka hivyo. Tim Mackinnon, Steve Freeman na Philip Craig waliwasilisha wazo hili kwenye mkutano huko Sardinia, Italia, mwaka 2000. Mwaka 2004 Freeman na Mackinnon, safari hii wakiwa na Nat Pryce na Joe Walnes, walisisitiza kwamba moki ni chombo cha kugundua vitu vinavyosemezana na kila kimoja kinamtegemea mwenzake kwa lipi. Wakaongeza sharti ambalo ningependa mlibandike ukutani: usimkaimishe usiyemmiliki. Maktaba au huduma ya mtu mwingine izungushieni kiolesura chembamba chenu wenyewe, yaani mlango wenu ambao msimbo wenu unapitia kuifikia. Kiolesura hicho ndicho cha kukaimishwa.

Mimi sharti hilo nililijifunza kwa uchungu. Tulikuwa tunatumia huduma ya nje ya kutafuta anwani, na mkono ulioandika stabu yake ni huu. Niliiagiza irudishe orodha tupu anwani isipopatikana. Huduma halisi haikuwa na orodha tupu. Ilirudisha hitilafu namba 404, ya kitu kisichopatikana. Majaribio yetu yote yalikuwa ya kijani, yaani yamepita. Mtumiaji wa kwanza aliyekosea kuandika anwani yake akakutana na ukurasa uliovunjika, na tulitumia siku nzima kutafuta kosa mahali ambapo halikuwepo, kwa sababu tuliyaamini yale majaribio. Stabu yangu haikuwa ikiieleza huduma ile. Ilikuwa ikinieleza mimi, na nilichokuwa nikidhani.

Makosa ya aina hii hukaa mpakani. Mwaka 1999 chombo cha NASA, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipofika Mirihi. Programu moja iliyokuwa huku duniani ilitoa takwimu za msukumo kwa pauni-sekunde, na iliyozipokea ikazisoma kama nyutoni-sekunde. Sisemi kwamba stabu ndiyo iliyosababisha. Nasema mtu wa upande wowote wa mpaka ule akiandika stabu ya upande wa pili, ataiandika kwa kipimo anachokiamini yeye, na jaribio lake litapita.

Tiba yake ipo, na inahitaji bidii kidogo. Andikeni kundi moja la majaribio yanayoeleza huduma inavyopaswa kujibu: anwani ikiwepo, isipokuwepo, herufi zikiwa za ajabu, muda ukiisha kabla ya jibu. Kundi hilohilo liendesheni mara mbili, mara moja dhidi ya kaimu na mara moja dhidi ya huduma halisi. Kwa kaimu, kila mnapohifadhi mabadiliko. Kwa huduma halisi, hata mara moja usiku inatosha. Siku wakitofautiana, mmejua kabla ya mtumiaji.

Zana nazo ziombeni ukali. Maktaba ya moki iliingia rasmi ndani ya Python toleo la 3.3, mwaka 2012, na moki yake hukubali jina lolote unaloliita. Kwenye toleo la 3.4, ukiandika assert_called_once, uhakiki wa kwamba moki imeitwa mara moja tu, ambao ulikuwa bado haujawekwa kwenye maktaba, moki ilijitungia jina hilo palepale na jaribio likapita, iwe barua imetumwa au haijatumwa. Toleo la 3.5 likaanza kuyakataa majina yanayoanza na assert ambayo haliyajui, na la 3.6 likauleta uhakiki wenyewe. Hata hivyo majina mengine bado yanapita, kwa hiyo tumieni create_autospec, inayoibana moki ifuate umbo la darasa halisi.

Naona mkono pale nyuma. Ndugu yetu anauliza: na hifadhidata, tuikaimishe au tuiache?

Inategemea unajaribu nini. Ukijaribu kanuni ya kuhuisha uanachama, feki inatosha, na majaribio yataisha kufumba na kufumbua. Ukijaribu swali lenyewe la SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, washa hifadhidata halisi, ya toleo lilelile mnalotumia kazini, ndani ya kontena, yaani mazingira yaliyotengwa ndani ya kompyuta. Feki ya kwenye kumbukumbu haijui kufunga rekodi isiguswe na wawili kwa wakati mmoja, haijui kurudisha nyuma muamala uliokatika katikati. Anza na jaribio la wanachama wawili kujisajili kwa barua pepe moja: hifadhidata yenye sharti la upekee itamkataa wa pili, na feki yako, kama haukulikumbuka sharti hilo ulipoiandika, itawapokea wote.