Paris na watoto: mlale wapi bila kukausha akaunti

Habari za nyumbani, jamani. Wakubwa wote shikamooni. Leo hakuna kuzunguka mbuyu: baba, mama na watoto wawili au watatu mnakuja Paris wiki moja, likizo ya shule, na mfuko una kikomo. Mlale wapi?

Tuanze na kosa linalokula hela kuliko yote. Mtu anatafuta hoteli kwenye simu, anaandika "watu wazima 2", bei inatoka tamu, anajisemea watoto watabanana humo humo. Huku hawabanani. Vyumba vya Paris ni vidogo, majengo mengi ni ya karne ya 19, na kila chumba kimewekewa idadi ya watu wanaoruhusiwa kulala. Chumba cha wawili ni cha wawili. Kichanga cha chini ya miaka miwili kwa kawaida huongezewa kitanda chake kidogo cha sentimita 60 kwa 120, lakini nacho ukiombe mapema. Ukitokea mapokezi na watoto watatu ambao hukuwaandika, utauziwa chumba cha pili kwa bei ya siku hiyo, na bei ya siku hiyo haina huruma. Au utaambiwa hoteli imejaa.

Kwa hiyo andika vichwa vyote, na umri wa kila mtoto utakavyokuwa siku ya kulala, siyo umri wa leo. Zipo hoteli zinazomhesabu mtoto wa miaka 12 kuwa mtu mzima. Na zipo zinazowabeba wenye watoto: Novotel, kwa mfano, huwalaza bure watoto wawili wa chini ya miaka 16 wakiwa chumba kimoja na wazazi. Umesikia, wawili. Mwenye watatu hapo ameachwa nje.

Familia ya watu wanne inapata chumba bila taabu kubwa. Tafuta maneno "chambre quadruple" au "chambre familiale". Hoteli za bei ya chini za minyororo mikubwa, kama B&B Hotels, zina vyumba vya aina hiyo pembezoni mwa jiji, na mara nyingi utalipa kati ya euro 90 na 150 kwa usiku kutegemea tarehe. Usitegemee fahari. Kitanda cha wazazi, kitanda cha ghorofa cha watoto, bafu la kugeukia kwa adabu, basi. Angalia tu kama una mtoto wa chini ya miaka sita: kanuni za Ufaransa zinasema kitanda cha juu si chake.

Familia ya watano ndiyo yenye kazi. Chumba cha hoteli cha watu watano ni adimu, kwa hiyo ni ama vyumba viwili vyenye mlango wa kupitana, yaani "chambres communicantes", ama nyumba yenye jiko. Mlango wa kupitana usiuamini mpaka uthibitishiwe kwa maandishi, maana mfumo wa kubuku unaweza kukupa chumba kimoja ghorofa ya pili na kingine ghorofa ya tano.

Sasa hapa kwenye nyumba, sogeeni karibu na skrini. Hili ni tangazo la kawaida kabisa: "Appartement 2 pièces, 32 m², 5e étage sans ascenseur, 1 lit double, 1 canapé-lit". Mswahili akiona "2 pièces" anasoma vyumba viwili vya kulala. Hapana. Kifaransa kinahesabu vyumba vyote isipokuwa jiko, bafu na choo. Sebule imo ndani ya hesabu. Kwa hiyo "2 pièces", au T2, ni chumba kimoja cha kulala na sebule. Ukitaka vyumba viwili vya kulala, tafuta T3. Na "studio" ni chumba kimoja tu, hata kama wameandika "studio ya watu 4". Hao wanne wanalala mnaonana, wawili kwenye "canapé-lit", yaani kochi linalokunjuliwa usiku. Likishakunjuliwa ndani ya mita 20 za mraba, njia ya kwenda chooni ni juu ya miguu ya mtu.

Tuendelee kusoma. "5e étage sans ascenseur" ni ghorofa ya tano bila lifti. Mabegi manne ya kilo 23, kigari cha mtoto, na ngazi za mbao zinazozunguka. Neno "sans" hapo limebeba siku yako yote. Halafu "lit double" kwenye majengo ya zamani mara nyingi ni upana wa sentimita 140. Kile cha 160 huwa wamekitaja, kwa sababu wanajivunia.

Mahali sasa. Paris yenyewe ina arrondissement, yaani wilaya, 20 zilizopangwa kama konokono, kuanzia katikati kwenda nje. Msimbo wa posta unakwambia ukweli: 75012 ni ya 12, 75018 ni ya 18. Ukiona 92, 93 au 94 mwanzoni, hivyo ni vitongoji vinavyopakana na jiji. 77, 78, 91 na 95 ni nje zaidi. Jina la hoteli lisikudanganye. "Paris Nord", "Paris Est" au "Paris Roissy" inaweza kuwa nje ya Paris kabisa. Soma msimbo.

Lakini kuwa nje siyo kosa tena, na hapa ndipo ushauri wa zamani umepitwa na wakati. Tangu Januari 2025, tiketi moja ya metro, treni na RER (treni za haraka za jiji na vitongoji) ni bei moja ndani ya mkoa mzima wa Île-de-France, yaani Paris na vitongoji vyake vyote, isipokuwa safari za viwanja vya ndege. Ilianza kwa euro 2.50, na nauli hizi hupandishwa kila Januari. Zamani kadiri ulivyokaa mbali ndivyo ulivyolipa zaidi; sasa anayetoka Vincennes, mlangoni mwa jiji, na anayetoka Val d'Europe, mbali kule karibu na Disneyland, wanalipa sawa. Kinachobaki kupima ni dakika. Mimi kipimo changu ni hiki: kutoka mlango wa hoteli hadi kituo kwa miguu isizidi dakika 10, na kutoka kituo hadi Châtelet, kituo kikubwa cha katikati ya jiji, isizidi nusu saa, bila kubadili treni zaidi ya mara moja. Montreuil, Vincennes, Ivry, Pantin, Issy-les-Moulineaux, zote zinaingia humo. Ndani ya jiji tazama ya 12, ya 13 na ya 20 kabla hujagusa kwingine. Kulipia dirisha linaloona mnara wa Eiffel, wakati mtashinda nje kutwa nzima, mimi siuelewi.

Wenye vigari vya watoto, metro ya Paris ni ngazi tupu. Kati ya laini za metro 1 hadi 14, ya 14 ndiyo yenye lifti vituo vyote, na tangu Juni 2024 inafika uwanja wa ndege wa Orly upande mmoja na Saint-Denis Pleyel upande mwingine. Hoteli karibu na laini ya 14 ina thamani hata bei yake ikizidi kwa euro kumi.

Mtego mwingine ni hoteli za uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle. Bei yake inavutia, gari la hoteli ni la bure, picha nzuri. Ila treni inayoanzia kituo cha uwanja wa ndege haiuzwi kwa bei hiyo moja. Tiketi ya uwanja wa ndege mwaka 2025 ilikuwa euro 13 kwa mtu. Chukua wazazi wawili, mtoto wa miaka 11 na wa miaka 8. Chini ya miaka 4 ni bure, miaka 4 hadi 9 ni nusu, kwa hiyo hapo ni tatu nzima na nusu moja: euro 45.50 kwenda, 45.50 kurudi. Euro 91 kwa siku, kila siku! Familia hiyo hiyo ikilala Montreuil, kwa nauli za mwaka huo huo, ingelipa 17.50 kwenda na kurudi. Hoteli ya rahisi imeshakuwa ghali kabla hamjanywa chai.

Kuna njia ya kukwepa: Navigo ya wiki, kadi ya usafiri unayolipia mara moja kwa wiki nzima. Mwaka 2025 ilikuwa euro 31.60 kwa mtu, pamoja na euro 5 za kadi na picha ndogo ya pasipoti, na inafika uwanja wa ndege. Kasoro yake ni kalenda. Wiki yake ni Jumatatu hadi Jumapili, siyo siku saba tangu ununue. Ukitua Alhamisi ukainunua, Jumapili usiku imekufa. Kuanzia Ijumaa wanakuuzia ya wiki inayofuata. Anayetua Jumatatu asubuhi ndiye anayeifaidi.

Viza. Ubalozi unataka uthibitisho wa malazi ya safari nzima, na majina ya wote, watoto wakiwemo. Buku yenye neno "annulation gratuite", kughairi bila malipo, na uangalie tarehe ya mwisho ya kughairi iwe baada ya jibu la viza. Bei isiyorudishwa huwa nafuu kidogo, na viza ikikataliwa unafuu huo ni sifuri. Wala usifanye ule ujanja wa kughairi hoteli viza ikishatoka ukaja bila mahali. Polisi wa mpakani wana haki ya kukuuliza unalala wapi.

Ukiwa na ndugu anayeishi hapa, anaweza kukuombea "attestation d'accueil" kwenye ofisi ya meya wa mji wake. Anapeleka kitambulisho, hati za nyumba na ushahidi wa kipato, na stempu ya malipo (mwaka 2025 ilikuwa euro 30) ambayo hairudi hata ombi likikataliwa. Wanatazama kama nyumba inawatosha; watu saba kwenye T2, wataguna. Aanze miezi miwili au mitatu kabla, maana kila ofisi ina mwendo wake, na karatasi halisi ndiyo inayosafiri, siyo picha ya WhatsApp. Faida yake siyo kitanda tu. Kiasi cha pesa unachotakiwa kuonyesha kwa siku kwa mtu ni euro 32.50 ukiwa na karatasi hiyo, 65 ukiwa na hoteli iliyobukiwa, 120 ukiwa huna kimojawapo.

Lingine la wenyewe kwa wenyewe. Mtu anaweza kukutafutia chumba cha bei ya kutupa kwenye nyumba za HLM, zile za kodi nafuu. Mpangaji wa HLM haruhusiwi kumpangisha mwingine. Akibainika anaweza kupoteza nyumba, na wewe na watoto mko barabarani na mabegi. Nyumba za kupangisha wageni nazo, ndani ya Paris tangazo linatakiwa kuwa na namba ya usajili, na nyumba anayoishi mtu mwenyewe ina kikomo cha siku 90 kwa mwaka tangu 2025. Mwenye nyumba akikwambia mtoke kwenye tovuti mlipane pembeni kwa benki, funga mazungumzo.

Tarehe: Septemba na mwanzo wa Oktoba ni maonyesho ya biashara na mitindo, bei inapaa. Mwisho wa Mei hadi mwanzo wa Juni kuna tenisi ya Roland-Garros. Kwa wa Kenya, likizo ya Agosti imekaa vizuri: wafanyabiashara hawapo, na hoteli za La Défense, eneo la maofisi, zilizojengwa kwa ajili yao, hushuka bei Agosti na wikendi. Laini ya 1 na RER A zipo chini ya miguu. Ila uliza "climatisation". Nyumba nyingi hazina kiyoyozi, na joto la Agosti chini ya bati la Paris siyo la pwani, halina upepo.

Jiko likiwepo mnaokoa sana, maana chai ya asubuhi hotelini kwa kichwa kimoja inaweza kufika euro 15. Unga wa mahindi, mihogo, bamia na ndizi za kupika viko Château Rouge, laini ya 4. Lakini sufuria ya alumini msiibebe. Majiko ya hoteli zenye jiko, kama Adagio na Citadines, yanaweza kuwa ya induksheni. Yanapasha chuma kinachoshikwa na sumaku tu. Alumini utaiweka pale, taa itawaka-waka, maji yatabaki baridi. Na samaki mkaangieni dirisha wazi, king'ora cha moshi ni cha lazima kila nyumba.

Siku ya kufika, ndege nyingi za kutoka kwetu zinatua alfajiri, na chumba kinatolewa saa tisa alasiri. Hoteli itawatunzia mabegi. Nyumba ya mtu binafsi mara nyingi haina pa kuyaweka. Mtadaiwa pia kodi ya malazi, "taxe de séjour", kwa kila mtu mzima kwa kila usiku, zaidi ya euro 5 kwa hoteli ya nyota tatu. Wa chini ya miaka 18 hawalipi. Amana nayo huzuiwa kwenye kadi. Kadi pepe ya simu inaweza kubuku vizuri, ila mapokezi wanataka ya plastiki, yenye jina la aliyebuku, na salio juu ya bei ya chumba.

Kabla ya kulipa, mtumie mwenye malazi ujumbe huu wa kumwomba athibitishe kwa maandishi kwamba mtaenea watu watano, vitanda ni vingapi, na kama kuna lifti; badilisheni umri tu: "Bonjour, nous sommes deux adultes et trois enfants de 4, 8 et 11 ans. Pouvez-vous confirmer par écrit que le logement accueille cinq personnes, combien de lits il y a, et s'il y a un ascenseur ?" Akijibu "pas de problème", yaani hakuna shida, bila kutaja vitanda, muulize tena.