Simu Iliyosikia "Saa Mbili"

Mbukwenyi! Wazee wangu, shikamooni.

Ninafundisha wasioona kutumia simu na kompyuta. Kijana mmoja ninayemfundisha humeza dawa kila siku. Aliiambia simu yake: "Nikumbushe dawa saa mbili usiku." Ikamjibu kwa maneno yale yale, saa mbili usiku, naye akaridhika. Simu ikalia saa nane, watu wamelala. Ilihesabu saa kuanzia usiku wa manane, kama Waingereza. Sisi saa zetu tunazihesabu tangu jua lichomoze na tangu lizame. Anayeona angetupa jicho kwenye kioo, aone tarakimu, asahihishe. Huyu alikuwa na sikio tu, na sikio liliambiwa kila kitu kiko sawa. Dawa ilichelewa saa sita nzima.

Kwa hiyo mtu akiniambia akili unde, yaani AI, imeshajua Kiswahili, namkumbuka kijana huyu.

Sisemi zana hizi tuziache. Buigiri, hapo Chamwino, shule ya wasioona ilianza mwaka 1950, na nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole, bado ni msingi. Ila kitabu cha nukta nundu ni kinene, ghali, na hakipatikani siku unayokihitaji. Leo simu inapiga picha barua na kukusomea. Programu ya NVDA husoma kilichoko kwenye kompyuta, ni ya bure tangu 2006, na vijana wawili wa Australia walioianzisha, Michael Curran na James Teh, wenyewe hawaoni. Walijua kinachowakera.

Kwa viziwi nitasema moja: kugeuza hotuba kuwa maandishi hakumwondoi mkalimani. Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake. Si Kiswahili cha mikono.

Wanaoniuma zaidi ni wenye mtindio wa ubongo ambao maneno hutoka kwa shida. Mama anamwelewa mwanawe, simu haimwelewi, kwa sababu mashine hujifunza sauti ilizosikilizishwa. Google walianza kukusanya sauti za namna hiyo mwaka 2019, kwa Kiingereza. Za kwetu nani atazikusanya, kama si sisi tunaoishi nao?

Jumamosi, saa tatu asubuhi, tutarekodi katika ukumbi huu huu. Waleteni, na lafudhi zao za Kigogo na Kirangi. Hatutachukua sauti ya mtu kabla hajaelezwa inakokwenda, akakubali. Asiyeweza kusema "ndiyo" kwa mdomo, tutamsubiri aseme kwa njia yake.