Madini ya Risasi Bado Yamo Mifupani: Tuwapime Presha Vijana wa Owino Uhuru

Walimu wangu na wazazi, nitaanza na lile ninalolisema kila ninapopewa kipaza sauti: presha si ya wazee peke yao, na pale Owino Uhuru, Mombasa, tuna kila sababu ya kuwapima vijana wetu sasa hivi.

Kiwanda mnakijua. Betri kuukuu za magari ziliyeyushwa humo ili kupata risasi, yale madini mazito yenye sumu, moshi wake ukaingia majumbani, maji machafu yakapita vichochoroni wanakocheza watoto. Kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, rufaa zikafuata. Hayo tuwaachie mawakili.

Najua yupo anayesema moyoni, "Daktari, miaka yote hiyo, risasi si imeshatoka?" Haijatoka! Damuni hupungua nusu kwa mwezi hivi, ndiyo maana kipimo cha damu cha leo kinaweza kuonyesha salama. Lakini mwili huidhania ni kalsiamu, ukaihifadhi mifupani, na humo hukaa miongo, ikirudi damuni kidogo kidogo. Mtoto aliyekuwa na miaka 3 kiwanda kikifungwa amebalehe nayo. Risasi huumiza figo, na figo ndizo zinazosimamia chumvi na maji mwilini. Tena risasi huizuia mishipa ya damu kutanuka inavyopaswa. Yote mawili hupandisha presha, na kwa watu wazima ushahidi wa hilo ni mzito. Kwa vijana tafiti hazijakubaliana zote, na wapo wanaoniambia tusubiri. Tusubiri nini? Kupima presha kunahitaji maabara gani?

Ila pimeni sawasawa. Kijana akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Na msimfunge mtoto mwembamba mkanda wa mashine wa mtu mzima: mashine itasoma chini ya presha yake halisi, nanyi mtamrudisha darasani mkidhani ni mzima. Kuanzia miaka 13, ikifika 130 kwa 80, ikarudia hivyo siku nyingine, na nyingine tena, aonwe na daktari.

Muda umeniishia. Ila wasichana siwezi kuwaacha. Wakishika mimba, mifupa huachia kalsiamu ya kumjenga mtoto tumboni, na risasi hufuatana nayo. Wakienda kliniki, waulizwe walikulia wapi.