Utando wa Polima na Unyevu Usiotajwa

Ndugu zangu, nimelisema hili kila nilipopewa nafasi, na leo nalirudia: anayetaja kiwango cha mvuke wa maji kinachopenya utando wa polima (molekuli ndefu kama minyororo) inayoyeyuka majini, asitaje unyevu wa hewa aliyopimia, hajatuambia kitu.

Chukueni polivinili alkoholi, ile ya vifuko vya sabuni vinavyoyeyuka ndani ya mashine ya kufulia. Minyororo yake imejaa haidroksili, vikundi vya oksijeni na haidrojeni vinavyoshika maji, na utando ukiwa mkavu haidroksili hizo hushikana kwa bondi za haidrojeni. Bondi moja ni dhaifu, takriban kilojuli 20 kwa moli, lakini kwa wingi wake huikaza minyororo hata oksijeni ikakosa pa kupita, na utando haulegei mpaka joto likaribie nyuzi 85.

Sasa mvuke unaingia. Molekuli za kwanza hunaswa na haidroksili, kwa hiyo husogea polepole. Ila kila inaponaswa moja, huchukua nafasi ya bondi iliyokuwa imeufunga mnyororo mmoja na mwingine. Zinazofuata hukuta minyororo imelegea, na unyevu ukizidi huanza kushikana zenyewe kwa zenyewe, makundi kwa makundi. Ndipo mstari wa grafu ya mvuke unaopenya kwa kila kiwango cha unyevu, uliokuwa umelala kwenye unyevu mdogo, unapopinda na kupanda kwa kasi, huku joto la kulegea likishuka hadi chini ya joto la chumba. Maji yamejifungulia mlango.

Atasimama mtu aseme: basi tupunguze haidroksili, maji yakose pa kushika. Hapana! Polima hii hutengenezwa kwa kugeuza vikundi viitwavyo asetati kuwa haidroksili; ile ambayo asilimia 98 au zaidi ya asetati zake zimegeuzwa hudai maji ya moto, karibu nyuzi 90, ndipo iyeyuke yote. Ile ya asilimia 88, yenye haidroksili chache zaidi, huyeyuka kwa maji ya baridi. Asetati zilizobaki huizuia minyororo isijipange vizuri kuwa fuwele, yaani sehemu zilizobanana kwa mpangilio, na ndani ya fuwele ndimo maji yanamoshindwa kuingia. Tuulize basi haidroksili ngapi ziko huru kuyapokea maji, tusihesabu jumla yake tu.

Gliserini inayotiwa kulainisha utando nayo huziachanisha bondi zilezile, sitakawia hapo.

Mwenye ghala Mombasa au Tanga, ambako unyevu wa asubuhi mara nyingi hupita asilimia 80, akipewa kipimo cha hewa kavu amepewa habari za utando mwingine kabisa. Mdaini muuzaji grafu nzima, kuanzia hewa kavu hadi asilimia 90, na asipokuwa nayo msitie saini.