Alentejo: kibla nyuma ya altare

Asalaam aleikum, hamjambo nyote, wazee wangu shikamooni. Wale wa nyuma naomba msogee mbele kidogo manake hii maiki inakwaruza na sauti yangu haifiki huko.

Sa mi nianze na neno moja tu. Gereza. Siku ya kwanza nimeshuka basi kijijini huko kusini mwa Ureno nikaona kibao kimeandikwa igreja na mshale, nikamuuliza mwenyeji wangu, kumbe na hapa kadogo hivi kuna jela? Alicheka mpaka akashika ukuta. Igreja ni kanisa. Wareno walivyojenga Fort Jesus hapa Mombasa mwaka 1593 waliweka na kanisa lao mle ndani, babu zetu wakasikia igreja igreja, neno likatua kwetu likawa gereza, halafu maajabu ya Mungu ngome yenyewe ikaja kuwa jela kweli kweli, kuanzia 1895 mpaka 1958. Kwa hiyo mimi mtoto wa Mombasa nilifika Ureno na neno lao mfukoni bila kujua ni lao.

Na hiyo ndo habari ya leo. Sikuja kuwaambia Lisbon ina nini, Lisbon mtaiona kwenye simu. Nataka niwapeleke shamba. Sehemu inaitwa Alentejo, maana yake ng'ambo ya mto Tejo, ni kama theluthi moja ya nchi lakini watu wake wachache, unaendesha gari nusu saa unaona miti, mbuzi, korongo kajenga kiota juu ya nguzo ya umeme, basi. Nyumba nyeupe za chokaa zenye mstari wa buluu chini, na nyingi za zamani ukuta wake ni udongo mtupu, unamwagwa katikati ya mbao mbili unatwangwa mpaka unakuwa kama jiwe. Joto la kiangazi usiulize. Kuna kijiji kinaitwa Amareleja, Agosti 2003 kipimo kilipita digrii 47. Sisi hapa tunalalamika na 33.

Twende Mértola kwanza, manake hapo ndo nilikaa sana na hapo ndo moyo wangu uko. Ni mji mdogo uko juu ya mwamba, chini yake mto Guadiana. Na hilo jina Guadiana lenyewe, mwanzo wake ni wadi, neno la Kiarabu la mto, si mnalijua. Zamani meli zilikuwa zinapanda kutoka baharini mpaka hapo, zaidi ya hapo haziwezi, kwa hiyo ilikuwa bandari ya ndani, Warumi wakaikaa, halafu Waislamu wakaikaa miaka mia tano na kitu. Mwaka 1144 kuna sufi mmoja, Ibn Qasi, aliasi dhidi ya watawala wa Murabitun, yaani ufalme wa Kiislamu uliotoka Moroko, wafuasi wake wakaiteka ngome ya Mértola akawa anatawala hapo. Leo ukipanda kwenye ngome unamkuta, sanamu yake juu ya farasi. Nilisimama pale nikasema hebu ngoja, Ureno, nchi ya Vasco da Gama, imemwekea sufi sanamu?

Chini kidogo ya ngome kuna kanisa moja. Kwa nje ni jeupe, vipembe vipembe juu. Unaingia. Jamani. Halina urefu wa makanisa mengine, ni kama mraba, nguzo nguzo kila upande, ukiwa umekulia misikiti ya mji wa kale mwili unajua kabla ya akili, mimi mkono ulishaenda kwenye viatu nataka kuvua! Ulikuwa msikiti wa karne ya 12. Mwaka 1238 Wakristo waliuteka mji, msikiti ukafanywa kanisa, baadae wakabadilisha paa, lakini milango minne yenye tao la kwato ya farasi ipo mpaka leo, na nyuma ya altare, ukizunguka kidogo, kuna kibla. Mihrabu yenyewe, imechongwa plasta, imesimama hapo. Padri anasalisha mbele, kibla kiko nyuma ya mgongo wake.

Watu wananiuliza ulisikia vibaya? Nitasema kweli, nilisikia vyote viwili kwa pamoja, uchungu na kama furaha ya kumkuta ndugu. Manake misikiti mingine huko ilibomolewa ikaisha, huu ulikaliwa ndo ukapona. Mi nimefikiria sana hili jambo na nimeona nyumba inayotumiwa ndo inaishi, hata kama aliyeingia sio uliyemtaka.

Tangu 1978 kuna timu ya wachimbaji wa mambo ya kale hapo, aliyeanzisha ni Cláudio Torres, walichimba chini ya ngome wakakuta mtaa mzima wa nyumba za Waislamu, jiko, choo, ua katikati. Vyombo walivyokuta viko kwenye makumbusho, na uzuri wake makumbusho haiko jengo moja, imetawanywa mji mzima, unatembea mlango huu unakuta Warumi, mlango ule unakuta sahani za Waislamu. Na kila baada ya miaka miwili wanafanya tamasha la Kiislamu, vichochoro vinafunikwa vitambaa juu, wafanyabiashara wanatoka Moroko. Ukiwa hapo usiku kwenye kichochoro unaweza kusema uko Lamu, ila punda hakuna.

Haya, mazingira. Pale Mértola uko ndani ya mbuga ya bonde la Guadiana, ilitangazwa 1995. Kuna sehemu mto mpana unabanwa ghafla kwenye mwamba mweusi unadondoka, wanaita Pulo do Lobo, mruko wa mbwa mwitu, ati mbwa mwitu aliweza kuuruka. Njia ya kwenda ni ya vumbi, mimi nilipata pancha na hakuna mtu, nilikaa chini ya mti saa mbili nasikiliza maji. Na porini humo wamemrudisha paka mmoja mkubwa wanamuita lince, fikiria simbamangu wetu lakini ana madoadoa, masharubu ya mzee na kamkia kafupi. Alikuwa amekaribia kwisha kabisa duniani, mwisho wa 2014 wakaanza kuwaachia hapo, chakula chake ni sungura, na leo wanazaa wenyewe. Sikumuona. Niliona kinyesi chake nikapiga picha, mke wangu mpaka leo ananicheka.

Upande wa magharibi kuna Castro Verde, nyasi tupu na ngano, huko yuko ndege wa jamii ya tandawala, dume akitaka mke anajigeuza manyoya yote anakuwa kama mto wa kulalia mweupe uliopasuka.

Sasa ile miti niliyosema. Hii niifafanue vizuri manake watu wanapita wanadhani ni pori. Kuna mwaloni mmoja unaitwa sobreiro, ndo unaotoa vizibo vya chupa. Karibu nusu ya vizibo vya dunia vinatoka Ureno. Ukipanda leo unasubiri kama miaka 25 ndo unabandua gamba mara ya kwanza, na hilo la kwanza halifai kizibo, unasubiri miaka 9, la pili nalo bado, 9 tena, ndo la tatu linafaa. Piga hesabu. Unapanda mjukuu ale! Wanabandua kwa shoka, wanaume wawili wawili kwenye mti mmoja, kiangazi, na lazima mkono uwe mwepesi, ukikata ndani umeujeruhi mti. Mti unabaki mwekundu kama mtu aliyevuliwa shati, halafu wanauandika namba moja kwa rangi, nambari ya mwisho ya mwaka. Ukiona 3 ujue ulibanduliwa mwaka unaoishia na 3. Chini ya miti nguruwe weusi wanakula matunda yake, kondoo wanakula majani, nyuki juu. Wenyewe wanaita montado. Sio pori na sio shamba, ni kitu cha katikati, watu wamekilea miaka mia na mia. 2011 bunge lao likautangaza sobreiro mti wa taifa. Mi nasema huo ndo urithi mkubwa wa Alentejo, kuliko ngome zote, na hauna tiketi wala geti.

Na uko hatarini. Mwaka 2002 walifunga bwawa la Alqueva, likajaa likawa ziwa la kilomita za mraba 250, la kutengenezwa na watu kubwa kuliko yote Ulaya magharibi. (Mzee wa Kisumu hapa anacheka, ndio, kwenu ni kidimbwi.) Maji yalipokuja zikaja na zile mizeituni za mistari, zimebanana kama chai ya Kericho, zinavunwa na mashine. Pesa ipo, sikatai, lakini unapita unakosa kivuli, unakosa ndege. Na kuna kijiji kizima kilizama, Aldeia da Luz, kijiji cha mwanga. Waliwajengea kipya kilomita chache, kanisa wakajenga mfano wa lile, majirani wakapangwa kama walivyokuwa, na makaburi nayo yakahamishwa, maiti mmoja mmoja. Cha zamani wakakibomoa kabla maji hayajafika. Nilienda. Ni pasafi mno, barabara zimenyooka. Makumbusho yao yameangalia ziwani, ulipokuwa mji. Nilikaa kidogo nikaondoka, kuna mahali mgeni hana cha kusema.

Ukiwa upande huo panda Monsaraz jioni, ni kijiji ndani ya ukuta juu ya kilima, ukimaliza kuangalia ziwa subiri giza, nyota za huko wallahi utadhani umekaa bahari kuu. Na karibu na Évora kuna mawe ya Almendres, kama 95, yamesimamishwa kwenye mteremko katikati ya ile mialoni, mengine yalianza kuwekwa miaka kama 8,000 iliyopita. Hakuna mlinzi, unagusa tu. Évora yenyewe ni mji, ina hekalu la Kirumi na chumba kilichojengwa kwa mifupa ya watu, nendeni mkione halafu mrudi shamba.

Najua kuna mtu anataka kuuliza Vasco da Gama. Yeye ni mtu wa huko huko, kazaliwa Sines pwani ya Alentejo, na 1519 mfalme akampa cheo cha bwana wa Vidigueira, mji wa mvinyo. Alipita hapa kwetu Aprili 1498, Mombasa hatukuelewana naye, akaenda Malindi. Alifia India 1524, mifupa ikaletwa Vidigueira ikakaa mpaka 1880 ilipohamishiwa Lisbon. Lakini mnisikilize, mzee wa Alentejo hakupata kitu katika ile safari. Ardhi ilikuwa ya mabwana wachache, yeye kibarua, msimu ukiisha njaa. Kule mgodi wa São Domingos karibu na Mértola, kampuni ya Waingereza ilichimba shaba mpaka 1966, mchimbaji na familia nzima chumba kimoja, leo maji ya mgodi mekundu kama damu na mabaki ya reli. Hao ndo waliozaa zile nyimbo zao, cante, hazina ngoma wala gita, mmoja anaanza peke yake, wa pili anapokea juu, halafu kundi zima linaingia polepole wameshikana mikono. UNESCO iliziandikisha 2014. Na 1974 wanajeshi wa Ureno waliochoka na vita vya makoloni yao Afrika walipoangusha serikali, vibarua hao wakaingia mashambani wakayachukua, na mwaka uliofuata Msumbiji ikapata uhuru. Ni mapinduzi yale yale.

Naona mama amenyosha mkono. Ndio mama.

Anauliza sisi Waislamu tutakula nini huko kwenye nguruwe. Swali zuri. Mama utaomba açorda. Wanatwanga kitunguu saumu, chumvi na majani ya dania kwenye kinu, wanamimina mafuta ya zeituni, wanaweka maji ya moto, yai, halafu wanakatia mkate wa jana humo ndani uloane. Chakula cha kibarua. Waambie tu wasikuwekee nyama. Na jina lake wataalamu wanasema limetoka kwenye Kiarabu, thurda, ndugu yake tharidi, ile ile ya mkate na mchuzi unayoijua wewe. Mimi yangu naongeza pilipili, wenyeji wananitazama vibaya.