Em, Ei, Em, Ei: Mtoto Anayejua Herufi Zote na Hajui Kusoma

Mhadhara kwa wazazi na walimu wa madarasa ya chini, Kisumu

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wazazi mliofunga vibanda siku ya Jumamosi mkaja kunisikiliza, asanteni. Waliowahi kunisikia Kondele au Ahero watanivumilia, kwa kuwa nitarudia lile lile ninalolisema kila mahali ninapopewa kipaza sauti, na nitaendelea kulirudia hadi siku nitakapoingia katika darasa la chekechea nisikute watoto wote wamesimama wakiimba "ei, bii, sii, dii" huku mwalimu akipiga makofi kana kwamba kazi ya kufundisha kusoma imekwisha.

Mwaka jana, karibu na soko la Kibuye, mama mmoja anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, alinionyesha mwanawe wa miaka saba, akaniambia kwa fahari kwamba kijana huyo anazijua herufi zote. Kijana akaimba, kwa sauti safi kabisa, na alipofika katikati akapita mbio kwenye "elemenopii", ambayo watoto wengi huamini kuwa ni herufi moja ndefu. Nikachukua kifuniko cha katoni na kipande cha makaa, nikaandika neno mama. Akaweka kidole chini ya kila herufi, kwa adabu kubwa: "Em. Ei. Em. Ei." Nikamwuliza neno hilo linasemaje. Akarudia, haraka zaidi: "Emei-emei." Mama yake, akiwa ameshika gorogoro, kopo la kupimia omena, mkononi, alishindwa kujizuia: "Soma, baba! Si ni mimi huyo!" Kijana akamtazama mama, akakitazama kifuniko, kisha akaanza tena ule wimbo chini kwa chini, akimtafuta mama kati ya ei na zedi.

Mtoto yule hakuwa mzito. Alikuwa mwanafunzi mwaminifu mno: alifundishwa majina, akatupa majina. Jina la ng'ombe si maziwa, na jina la herufi si sauti yake. Ukiunganisha "em" na "ei" hata mara mia, hutapata "ma", kwa sababu "ma" haimo humo. Imo katika midomo inayofungwa, ikavuma mmmm, kisha ikafunguka aaa. Hivyo ndivyo tulivyofanya pale sokoni. Tulifunga midomo sote watatu, mama na gorogoro yake, tukavuma, tukafungua. Kijana akasema "ma". Akaguna. Akasogeza kidole, akasema "ma" tena, kisha akamgeukia mama yake na kumcheka kana kwamba ndiye aliyekuwa akijificha. Nikamwongezea sauti za o, e na n, nikaandika neno jingine. Akaliendea polepole, o, me, na, kisha akakimbilia beseni na kulionyesha. Hapakuwa na muujiza wowote.

Walimu, nawaomba mtazame jambo dogo hapa ambalo hupuuzwa. Nilianza na m kwa makusudi, kwa kuwa ni sauti inayoweza kuvutwa hadi ikutane na irabu. S, n, l na f ni vivyo hivyo. Sauti kama b, t na k hazivutiki, na mwalimu anayezitaja kwa nguvu huzifungia irabu mkiani bila kujua, akasema "bu", kisha akashangaa mtoto anaposoma baba kama "bua-bua". Anzeni na zile zinazovutika, na hizi nyingine zitajwe kwa ufupi, kama mtu anayepuliza unyoya. Tena kumbukeni kwamba m haina irabu kila mara: katika mtu na mtoto inasimama peke yake kama silabi kamili, na mtoto anayesoma "mutu" ametumia kanuni mliyomfundisha ninyi wenyewe. Mwonyesheni, msimcheke.

Najua kuna mzazi pale nyuma anayesema moyoni kwamba mtihani ni wa Kiingereza, kwa hiyo habari za ma na me ni kumchelewesha mwanawe. Swali hili nimelijibu hadi nimechoka, lakini nitalijibu tena. Kiingereza kina sauti zaidi ya 40 na herufi 26 tu za kuzibeba, ndiyo maana herufi moja hubadilika sura kutoka neno hadi neno. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja husema kile kile leo na kesho. Ni wapi rahisi kwa mtoto kugundua kwamba maandishi ni sauti iliyolazwa kwenye karatasi? Akishagundua siri hiyo katika lugha moja, haigundui upya katika nyingine; kinachobaki ni kujifunza tabia za lugha ile mpya. Wala si mawazo yangu tu: Kamati ya Gachathi, iliyoundwa na serikali kuangalia elimu yetu, ilipendekeza mwaka 1976 kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, na bado tunabishana kana kwamba jambo hili limezuka juzi.

Wale wanaofundisha kusoma kwa Dholuo, lugha ya Waluo, nao ni wajibu wao, wasitegemee chati ya ba-be-bi-bo-bu peke yake. Maneno mengi ya Dholuo hufungwa kwa konsonanti: kot, rech, yath. Mtoto aliyezoea silabi zinazoishia kwa irabu atasoma "koto" na "rechi" asipofundishwa kusikia sauti ile ya mwisho ikisimama bila msaada.

Na kwa kuwa tumefika kwenye Dholuo, niseme jambo linaloniudhi. Dholuo haina sauti ya sh wala z, kwa hiyo mtoto kutoka nyumba ya Kiluo huenda akaliona neno shamba, akalitambua barabara, akajua maana yake, kisha akatamka "samba". Mtoto huyo amesoma. Ulimi wake ndio bado haujazoea, nao una njia yake ya kuzoezwa, taratibu, kwa kusikiliza na kuiga. Niliwahi kuketi nyuma ya darasa moja, ambalo sitalitaja, nikaona msichana akirudishwa mwanzo wa sentensi mara nne kwa sababu ya "sule", hadi akasahau sentensi ilihusu nini na akakataa kufungua kinywa. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka 2001; aibu haikupigwa marufuku, na inafanya kazi ile ile.

Sasa nyumbani. "Mwalimu, mimi mwenyewe sijui kusoma, nitamsaidiaje?" Dani, usinyooshe mkono tena, nimekuona. Mchezo wa sauti hauhitaji kitabu wala taa. Mnapochambua sukuma, mwambie akutajie vitu vinavyoanza na sauti ya s, na wewe ukitaja maji, akukatalie. Mtegee vitendawili. Mwambie alikate jina lake vipande vipande kwa makofi. Mtoto anayeweza kusikia kwamba kuku na kuni huanza pamoja na kuachana mwishoni ameshatembea nusu ya njia kabla hajashika penseli. Akileta kitabu, msikilize akikusomea, kisha mfunikie picha kwa kiganja na umwombe asome tena. Kama alikuwa akiisoma picha ya mama na sufuria, utajua papo hapo, hata kama wewe huijui herufi moja.

Kitabu chenyewe atakileta kama atapewa. Mpango wa serikali wa kufundisha kusoma, uitwao Tusome, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2015, ulikusudia kila mtoto wa madarasa ya chini awe na kitabu chake, na sauti za herufi zilikuwa ndani ya mwongozo wa mwalimu, ukurasa kwa ukurasa. Hata hivyo nimeona kabati zenye kufuli zilizojaa vitabu safi, visivyo na hata alama ya kidole, kwa hofu kwamba vitapotea. Vipotee! Kitabu kilichochanika nyumbani kimesomwa na watu watatu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuzungumzia macho, kwa kuwa kuna watoto wanaoitwa wavivu ambao hawauoni ubao tu, na pia wale wanaohitaji msaada wa pekee, lakini hayo yatangoja. Mlangoni kuna vipande vya katoni vyenye herufi tano: m, a, k, u, t, kila herufi vipande vitatu. Chukueni furushi moja kila nyumba. Kwa herufi hizo nimepata maneno kaka, kuku, kata, taka, kamata na ukuta. Mwalimu yeyote atakayepita hapo akisema "em, ei" ataacha furushi lake mezani.